Jua la bandia: kabla ya kushangilia, uliza habari za ukuta



Januari 2025 mtambo wa EAST wa China ulishikilia plasma kwa sekunde 1,066. Wiki chache baadaye, Februari, WEST wa Ufaransa ukafika sekunde 1,337. Tangu hapo swali ninaloulizwa ni moja: kama hawa jamaa wameshawasha "jua la bandia", umeme wake uko wapi? Mimi hujibu kwa swali: ukuta wa mtambo umetengenezwa kwa kitu gani? Watu huona nakwepa. Sikwepi, na leo nafafanua.

Mitambo hii inaitwa tokamaki. Ndani kuna chumba chenye umbo la tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo. Humo inatiwa gesi kidogo sana ya hidrojeni, inapashwa joto mpaka elektroni zinaachana na viini vyake. Hiyo ndiyo plasma. Ili viini vya deuteriamu na tritiamu, hidrojeni za aina nzito, viungane na kutoa nishati, joto linatakiwa lifike kama nyuzi milioni 150, mara kumi ya katikati ya jua lenyewe. Hakuna chuma cha kuvumilia hilo, kwa hiyo plasma inashikiliwa hewani kwa sumaku ili isiguse kitu.

Sasa, kuna kugusa na kugusa. Sumaku haizibi kabisa, plasma inavuja pembeni, na uvujaji huo unaelekezwa chini ya chumba kwenye vigae maalumu. Katika ITER, mtambo mkubwa unaojengwa kusini mwa Ufaransa, vigae hivyo vimesanifiwa kupokea megawati 10 kwa kila mita ya mraba, na hadi 20 kwa muda mfupi. Hapo plasma imetulia.

Isipotulia je? Mwaka 1982 Fritz Wagner, kwenye mtambo wa ASDEX kule Garching, Ujerumani, aligundua kwamba plasma ikipashwa vya kutosha huanza ghafla kushika joto vizuri zaidi. Habari njema, lakini hali hiyo ilikuja na kwikwi: presha inajikusanya pembeni, inachomoka kwa kishindo, inapiga vigae, inaanza tena. Kibaya zaidi ni plasma kukatika yote. Joto lote linamwagwa ukutani ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde, na elektroni zinaweza kukimbia kwa kasi inayokaribia ya mwanga na kutoboa kinachokutana nazo.

Kwa hiyo ukuta uwe wa nini? Hapa historia ya JET, mtambo wa Culham, Uingereza, uliofanya kazi kuanzia 1983 hadi Desemba 2023, inafundisha kuliko kitabu chochote. Mwanzoni ukuta wake ulikuwa wa kaboni. Kaboni haiyeyuki, na chembe zake zikiingia kwenye plasma hazina madhara makubwa. Ni kwa ukuta huo JET ilifikia megawati 16 mwaka 1997. Ila kaboni inapenda hidrojeni mno: inalika, inajibandika kwingine, na inafungia tritiamu humo. Tritiamu ni adimu na ina mionzi. Huwezi kuendesha kituo cha umeme ambacho kuta zake zinakula mafuta yenyewe!

Basi kati ya 2009 na 2011 wakabandua kaboni, wakaweka beriliamu kwenye kuta na tungsteni kule chini. Tungsteni ndiyo ile ya waya wa balbu za zamani, inayeyuka kwenye nyuzi 3,422. Tritiamu iliyonaswa ikapungua zaidi ya mara kumi. Lakini plasma ikaharibika! Atomu za tungsteni ni nzito, na zikifika katikati, hata chache tu kwa kila laki moja, zinatoa mionzi na kuipoza plasma mpaka inakatika. Na kumbe zile kwikwi tulizozilaani ndizo zinazosaidia kufagia uchafu huo nje. Ukizizima zote unaokoa vigae, unachafua plasma.

Ilichukua miaka kujifunza kuishi na ukuta huo. Oktoba 2023 JET ilitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 za mafuta, rekodi yake. Kwa lugha ya mita ya nyumbani ni kama uniti 19, tena za joto, na mtambo haukuwahi kutoa zaidi ya ulichoingiziwa kuipasha plasma. Kabla ya kuufunga, wataalamu waliuelekezea ukuta elektroni za kasi makusudi, waone uharibifu unavyokuwa. Mimi jaribio hilo nalithamini kuliko rekodi.

ITER nao wamebadili mawazo. Beriliamu inayeyuka kwenye nyuzi 1,287 tu na vumbi lake ni sumu, hivyo mpango wa 2024 umeweka tungsteni kuta zote, huku ndani wakipaka boroni ya kunasa oksijeni. Majaribio yamepangwa kuanza 2034, na deuteriamu na tritiamu 2039. Kwa ajili ya plasma inayotaka kukatika, wanatengeneza bunduki za kufyatua vipande vya barafu ya hidrojeni na neoni, ili joto litawanyike kama mwanga badala ya kupiga sehemu moja.

Bado nyutroni. Hizo hazina chaji, sumaku haizishiki, na zinapita moja kwa moja hadi ndani ya tungsteni na kuifanya ikatike kama kigae. WEST na EAST hazikutumia tritiamu kwenye rekodi zile, kwa hiyo kuta zao hazijapigwa na nyutroni kiasi hicho.