Miaka 40 ya virusi vya kompyuta: Hofu imetugharimu kuliko mashine

Mwaka huu wa 2026 virusi vya kwanza vya kompyuta za IBM, vilivyoitwa Brain, vinatimiza miaka 40. Viliundwa mjini Lahore, Pakistan, mwaka 1986 na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliotaka kuwabaini watu waliokuwa wakinakili bila ruhusa programu yao ya mambo ya tiba. Ndani ya virusi hivyo waliandika majina yao, anwani na namba za simu, wakimwambia aliyeambukizwa awapigie ili wampe chanjo. Mtafiti kutoka Finland, Mikko Hyppönen, alipowafuata Lahore mwaka 2011, aliwakuta kwenye anwani ileile wakiendesha kampuni ya intaneti. Leo pia maonyo yanayochomoza kwenye kioo huja na namba ya simu, ila anayepokea ni mwizi. Katika miaka hiyo 40 mashine zimebadilika mara nyingi, lakini aliyeingiwa na hofu mbele ya kompyuta bado hufanya lilelile: hutafuta mtu wa kumwokoa. Ukubwa wa hasara yake hutegemea mno ni nani atakayempata kwanza.

Kisa kinachothibitisha hilo ni cha Desemba 1989. Diski zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda kwa wasomaji wa jarida la PC Business World na kwa watu waliowahi kuhudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Diski zilidai kuwa na taarifa za UKIMWI, na kweli programu iliyokuwemo ilimuuliza mtumiaji maswali ya maisha yake kisha ikampimia hatari ya kuambukizwa. Kumbe kwa siri ilikuwa ikihesabu kila mara kompyuta inapowashwa. Hesabu ilipofika 90 au karibu na hapo, majina ya faili yalivurugwa, folda zikafichwa, na kioo kikamtaka mwenye kompyuta awashe printa. Ikatoka ankara: dola 189 kwa ruhusa ya matumizi 365, au dola 378 kwa maisha yote ya diski kuu, zitumwe kwenye sanduku la posta nchini Panama kwa kampuni iliyojiita PC Cyborg. Hapakuwa na matusi. Yote, hata vitisho, yaliandikwa kwa lugha ya ofisi, kama deni halali la leseni, na utapeli wa leo umerithi mbinu hiyohiyo ya kuvaa sura ya mamlaka.

Uchunguzi ulifika kwa Dkt. Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyesomea Harvard na kuwahi kutafiti nyani Afrika Mashariki. Alikuwa akitoka kwenye semina ya UKIMWI jijini Nairobi, na katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, akaandika kwenye mzigo wa abiria mwenzake kwamba Dkt. Popp amepewa sumu. Mizigo ya Popp ilipokaguliwa, ulipatikana muhuri wa PC Cyborg. Alikamatwa Ohio, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1991 ikaamuliwa kwamba hali yake ya akili haimruhusu kushtakiwa. Magazeti yalishughulika na vituko vyake, na ni wachache waliomtazama Jim Bates, mchambuzi Mwingereza aliyeifumua programu hiyo na kuchapisha matokeo katika jarida la Virus Bulletin la Januari 1990. Bates aligundua kwamba yaliyomo kwenye faili hayakuguswa; yaliyovurugwa ni majina, na namna ya kuyarejesha ilipatikana ndani ya programu yenyewe. Akaandika programu mbili, AIDSOUT ya kuiondoa na CLEARAID ya kurudisha majina, zikagawiwa bure. Wakati huohuo, shirika moja la Italia lililoshughulika na UKIMWI liliripotiwa kupoteza kazi ya miaka 10, kwa sababu watu wake walipatwa na hofu wakafuta kila kitu kwa mikono yao. Diski ilikuwa ileile. Aliyengoja msaada wa Bates alirudishiwa kazi yake, na aliyekimbilia kutenda kabla ya kujua aliipoteza mwenyewe.

Matapeli walilisoma somo hilo vizuri kuliko sisi. Intaneti ilipoenea hawakuhitaji tena diski wala posta. Dirisha moja linalodai kwamba kompyuta imejaa virusi lilitosha. Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya Innovative Marketing kwa kuwauzia zaidi ya watu milioni moja programu kama WinFixer na DriveCleaner, baada ya kuwaonyesha uchunguzi wa uongo wa kompyuta zao. Hukumu ya mwaka 2012 ilifika dola milioni 163. Baadaye matapeli wakaongeza simu. Anayepiga namba iliyo kwenye dirisha huambiwa asakinishe programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, kisha huonyeshwa orodha ya kumbukumbu za Windows yenye alama nyekundu na njano, na kuambiwa kwamba kila alama ni kirusi. Orodha hiyo imo katika kila kompyuta nzima ya Windows, na alama nyingi ni hitilafu ndogo zisizo na madhara. Kwenye simu za mkononi njia ni fupi zaidi: tovuti huomba ruhusa ya kutuma arifa, mtu hubonyeza "Ruhusu", na maonyo ya uongo humiminika hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Tiba yake ni kuingia kwenye mipangilio ya kivinjari na kuondoa ruhusa ile.

Wako watakaosema kwamba msaada wa mtu umepitwa na wakati, kwa kuwa tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kinga imo ndani ya kompyuta yenyewe. Kinga hiyo ni ya kweli na imeokoa wengi, lakini dirisha la utapeli mara nyingi si virusi. Ni ukurasa wa kawaida wenye picha, kelele na namba, na programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali ni halali inayotumiwa na mafundi waaminifu kila siku. Aliyeshambuliwa hapo ni mtu, na mlinzi wake ni mtu. Wengine watasema kosa ni la watumiaji wasioelewa. Diski za 1989 zilikwenda kwa watu wa kompyuta na watafiti wa afya, hivyo elimu peke yake si ngao. Hoja nzito zaidi ni kwamba msaidizi naye anaweza kuwa tapeli. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kujifunza kumtambua: msaidizi wa kweli hajichomozi kwenye kioo chako, hakuharakishi, na anachofanya anakieleza wazi ili mwingine aweze kukipima, kama Bates alivyouchapisha uchambuzi wake.

Huku kwetu, Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikafuata na yake mwaka 2018. Sheria hizo zinataja adhabu, na adhabu inafaa, lakini hazimwambii mwenye duka la M-Pesa abonyeze nini kioo kinapompigia kelele. Kazi hiyo tumewaachia mafundi wa mitaani na vijana wa saiba, ambao kwa miaka mingi wameokoa faili zilizofichwa na virusi vya flashi kwa ujira mdogo, bila mafunzo rasmi wala shukrani. Tuwape mafunzo na cheti, tuweke dawati la msaada katika maktaba za mikoa na vituo vya huduma, na tuchapishe kwa Kiswahili maelekezo ya hatua kwa hatua: usipige namba hiyo, funga dirisha, likigoma zima mashine, kama umeshamruhusu mtu kuingia katisha intaneti, badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, na ipigie benki yako. Gharama yake ni ndogo tukilinganisha na akiba zinazoibwa, na watu wa kuifanya kazi hiyo tayari tunao.