Ng'ambo Haikuanza Jana

Kauli hii hurudiwa na waongoza watalii, vijitabu vya hoteli, hata baadhi ya walimu wetu wa historia: Unguja mjini ni Mji Mkongwe uliojengwa kwa mawe juu ya rasi, na Ng'ambo ni vitongoji vilivyoota nyuma yake baadaye, watu wa shamba walipofuata kazi. Mmoja ni urithi, mwingine ni makazi tu. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo iliyoifanya idumu.

Tuitazame ramani ya Charles Guillain, nahodha wa Kifaransa aliyefika Unguja enzi za Seyyid Said na kuuchora mji mwaka 1846. Majumba ya mawe yamo, lakini yamekusanyika zaidi upande wa bahari. Upande wa rasi unaotazama kile kijito cha maji ya chumvi, ambacho leo ni barabara ya Darajani, ulikuwa na vibanda vingi vya fito na udongo vilivyoezekwa makuti. Mkunazini ilikuwa pembezoni mwa mji, na ndiyo sababu soko la watumwa liliweza kuwekwa pale kabla ya kufungwa mwaka 1873 na kanisa la Waanglikana kujengwa mahali pake. Beit al-Ajaib ni ya 1883. Lile jengo la Mizingani lenye roshani za mbao, lililokuwa zahanati ya zamani, lilianza kujengwa 1887 na kumalizika katika muongo uliofuata. Ramani ya mji ya mwaka 1892 inaonyesha kwamba wakati huo Ng'ambo ilikwisha kutapakaa mbali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mawe tunayoyaita ya kale ni rika moja na mitaa ya Ng'ambo. Kilichotofautiana ni vifaa. Nyumba ya mawe na boriti hukaa karne. Ya fito na udongo hukandikwa upya, makuti yake hubadilishwa, na anayepita huiona mpya kila mara ingawa kiwanja na mtaa ni vilevile.

Ngome Kongwe, Waomani baada ya Wareno na biashara ya karafuu ni habari ambazo msomaji anazo, nami sitazirudia. Ninalotaka kulishughulikia ni miaka ya 1920, kwa sababu ndipo mgawanyo huu ulipogeuka kuwa sera.

Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilichapisha kitabu cha mipango miji kilichoandikwa na Henry Vaughan Lanchester, msanifu aliyekwisha fanya kazi hiyo India. Wengi wanakitaja, wachache wanakisoma. Ni kitabu cha mtu mwenye jicho zuri: anapenda vichochoro, anapenda kivuli, anaelewa upepo unavyopita. Lakini akivuka kijito, mapenzi yale yanaisha. Ng'ambo inakuwa suala la afya, moto na mpangilio, yaani tatizo la kutatuliwa. Mwenye jumba Shangani alikuwa na usanifu. Mwenye nyumba Mlandege alikuwa na kibanda. Maofisa waliofuata hawakuachana na msamiati huo, hata pale mipango yenyewe ilipobaki kwenye karatasi.

Na mingi ilibaki kwenye karatasi. Mtafiti William Bissell amelieleza hilo vizuri: serikali ya kikoloni Unguja ilikuwa hodari wa kuandika mipango, si wa kuitekeleza. Naikubali hoja yake, ila isitufanye tudhani kwamba mpango usiotekelezwa hauna madhara. Wale wanaosema kwamba Waingereza waliukuta mji umegawanyika kwa rangi nao wakauacha kama ulivyo sina la kuwajibu zaidi ya kuwarudisha kwenye ramani ya Guillain.

Wakati Lanchester anahesabu hewa na nafasi, watu wa Ng'ambo walikuwa wanahesabu kitu kingine: kodi ya kiwanja. Mtu alikuwa na nyumba yake, lakini ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya mwingine. Hapo zamani jambo hilo halikuwa na uzito. Matajiri waliwaruhusu wafuasi wao, watumwa wao na waliowaacha huru kujenga kwenye mashamba yao ya ng'ambo ya kijito, na baadhi ya viwanja viliwekwa wakfu kwa ajili yao. Aliyejenga alitoa heshima zaidi kuliko fedha. Amri ya kukomesha utumwa ya 1897 iliwaleta wengine kwa wingi kutoka mashamba ya karafuu, nao wakajenga kwa utaratibu uleule. Kisha ardhi ikaanza kubadilisha mikono. Wenye mashamba walielemewa na madeni, viwanja vikaingia kwa wafanyabiashara waliovitazama kama mali ya kuzalisha, na kodi ikapanda.

Mwaka 1928 wakaazi waligoma kulipa. Mwanahistoria Laura Fair ndiye aliyeupa mgomo huo nafasi unayostahili, na ninashangaa kuona vitabu vyetu vya siasa vikianza na vyama vya miaka ya 1950 kana kwamba kabla yake watu walikuwa wamelala. Wenye nyumba wengi Ng'ambo walikuwa wanawake, mara nyingi nyumba ikiwa ndiyo mali pekee waliyoichuma kwa jasho lao, na nao walikuwamo katika mgomo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: ardhi ni ya Mungu, nyumba ni yangu, na huyu anayedai ameipata wapi haki hiyo? Serikali ililazimika kuingilia na kuidhibiti kodi.

Mwaka huohuo mwimbaji Siti binti Saad alikuwa Bombay akirekodi santuri. Alizaliwa Fumba na akaishi Ng'ambo, na nyumbani kwake ndiko watu walikokutana kusikiliza nyimbo zilizotaja mahakama na wakubwa bila kuogopa. Anayetaka kujua utamaduni ulikaa upande gani wa kijito aanzie hapo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kijito kiliendelea kufukiwa vipande vipande. Raha Leo, huko Ng'ambo, ilipata ukumbi wake na redio, na Januari 1964 sauti ya Mapinduzi ilitokea huko. Majumba ya Mji Mkongwe yalitaifishwa na kugawiwa familia kutoka mashamba na Pemba, huku fahari ya serikali mpya ikihamia Ng'ambo: majumba ya Wajerumani Mashariki pale Kikwajuni na Kilimani, kisha yale marefu ya Michenzani. Nawaheshimu waliopata bomba la maji na choo cha ndani kwa mara ya kwanza maishani mwao. Hata hivyo, barabara mbili pana za Michenzani zilipita juu ya mitaa hiyohiyo iliyogoma 1928, na aliyeziamuru hakuwa Mwingereza. Lanchester angefurahi.

Mwaka 2000 UNESCO iliandikisha hekta 96 za Mji Mkongwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ng'ambo haikuingia. Juhudi ya maana ya kurekebisha hilo ilikuwa Ng'ambo Tuitakayo, kazi ya idara ya mipango miji ya Zanzibar pamoja na washirika wa Uholanzi, iliyowauliza wakaazi wenyewe wanathamini nini na hatimaye ikazaa kitabu kikubwa cha ramani kilichotoka 2019. Ndani yake mabaraza, visima, misikiti na viwanja vya mpira vinahesabiwa kuwa urithi, jambo ambalo Mlandege, Miembeni na Kikwajuni, mitaa iliyotoa majina ya timu, haikuhitaji kuambiwa.

Lakini kitabu si sheria. Mwenye nyumba Kiponda akitaka kubadilisha dirisha, huomba kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliyoundwa 1985. Mrithi wa nyumba ya bibi yake Mwembetanga, yenye ukumbi wa kati, vyumba pande mbili na uwani nyuma, akiamua kuivunja apandishe ghorofa, Mamlaka hiyo haina la kusema. Mpaka wa Mji Mkongwe unakomea barabarani Darajani, palepale ulipokuwa ukingo wa kijito.