Postikadi ya Ibadan

Oktoba 1961, Nigeria ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, postikadi moja ilidondoka chuoni Ibadan kabla haijatumwa. Aliyeiandika ni Margery Michelmore, Mmarekani wa miaka 23, mmoja wa vijana wa kwanza wa Peace Corps kufika nchini humo. Shirika lenyewe lilikuwa bado changa. Rais Kennedy alilianzisha Machi mwaka huohuo. Vijana hao walikaa bweni moja na wanafunzi wa Kinigeria, wakijiandaa kwenda kufundisha.

Kwenye kadi alimsimulia rafiki yake wa nyumbani alichokiona mjini: ufukara ambao hakuutarajia, watu wakiishi, wakipika, wakiuza na hata kukojoa barabarani. Mwanafunzi aliiokota, akaisoma. Muda si mrefu nakala zilizagaa chuo kizima, wanafunzi wakaandamana, wakataka Wamarekani waondoke. Michelmore aliomba radhi kwa maandishi, akarudi kwao. Kennedy alimwandikia kumtia moyo.

Nilipokutana na kisa hiki nikitafuta mada ya tasnifu, nilicheka. Vurugu zote zile kwa kikadi? Ni rahisi kukisimulia kama habari ya binti mwenye bahati mbaya, tena binti ambaye hakuwa na nia mbaya. Lakini wanafunzi wale hawakuhitaji mgeni awaambie kwamba Ibadan kuna umaskini. Kilichowauma, nadhani, ni kumsikia mtu wanayeishi naye jengo moja akiwazungumzia kwa sauti nyingine, ile ambayo hawakukusudiwa kuisikia. Na waliisikia kwa sababu walijua Kiingereza na kadi iliangukia mikononi mwao. Nyingine ngapi zilifika posta salama?

Sicheki tena, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuzifikisha posta.

Likizo moja, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nilipata kibarua cha ukalimani kwa wageni wa kujitolea pale Moshi. Walikuja kwa wiki mbili: wiki ya kwanza kupaka rangi shule ya chekechea, ya pili mbugani. Fundi rangi wa mtaa ule alikaa kivulini akiwatazama. Walipoondoka jioni, aliitwa kurudia kuta. Niliona, nikanyamaza, malipo yangu yalikuwa mazuri na nilikuwa nadaiwa ada. Wageni wenyewe walikuwa watu wema, wachapakazi, wenye kugawana nami chakula chao. Hilo lilinifanya ninyamaze zaidi.

Siku ya nne, mmoja wao alichuchumaa kumpiga picha mtoto mwenye kamasi na kaptura iliyochanika. Bibi yake mtoto alikuwa amesimama getini. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Hiyo picha inaenda wapi?"

Nilijua inakoenda. Usiku uliopita nilikuwa nimepitia kurasa zao za mtandaoni, nikasoma Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha za watoto wengine wa shule ileile: hawana chochote, lakini wana furaha.

"Ni kumbukumbu tu, bibi."

Mgeni akanigeukia, akaniuliza bibi amesema nini.

Nikamwambia anashukuru.