Kadi mpya ya grafiki kwa uhalisia pepe: Hesabu ya mwenye ukumbi Kinoru

MMILIKI wa ukumbi wa michezo ya video mtaani Kinoru, mjini Meru, anayetaka kuwaletea wateja wake uhalisia pepe hukabiliwa kwanza na swali la kadi ya grafiki. Kadi hiyo ndiyo inayochora picha ndani ya kompyuta, na aghalabu huwa ghali kuliko kiungo kingine chochote. Kila watengenezaji wanapotangaza bei mpya, wengi hudhani wakati wa kununua umewadia. Hata hivyo, bei inayotangazwa Marekani ni mwanzo tu wa hesabu, na mara nyingi fedha zinazotumika ni mkopo wa chama au wa Sacco, ambao utalipwa hata kama wateja hawatafika.

Uhalisia pepe hudai nguvu nyingi kwa sababu kila jicho huonyeshwa picha yake, na picha hizo sharti zibadilike papo hapo kichwa kinapogeuka. Zikichelewa, mvaaji hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Miwani ya Oculus Rift, iliyotoka Machi 2016 kwa dola 599, ilionyesha picha 90 kwa sekunde. Vioo vyake viwili kwa jumla vilikuwa na nukta 2,160 kwa 1,200, kumaanisha nukta zipatazo milioni 233 kila sekunde. Runinga ya nukta 1,920 kwa 1,080 yenye picha 60 kwa sekunde huhitaji milioni 124 pekee. Miwani ya Meta Quest 3 ya mwaka 2023 ina nukta 2,064 kwa 2,208 kwa kila jicho. Kwa picha 90, hizo ni milioni 820 kila sekunde. Programu huweza kupunguza idadi hiyo ili kadi dhaifu isilemewe, lakini picha hufifia na maandishi huwa magumu kusoma.

Oculus ilitaka angalau kadi ya GeForce GTX 970, iliyozinduliwa mwaka 2014 kwa dola 329. Mwishoni mwa Juni 2016, kampuni ya AMD ikaleta Radeon RX 480 kwa dola 199. Dola moja ikibadilishwa wakati huo kwa karibu Sh101, hiyo ilikuwa takriban Sh20,000. Hapo ndipo swali la kuboresha kompyuta lilipoanza kuwa na maana kwa mtu wa kipato cha wastani. Raha hiyo haikudumu. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizimaliza kadi madukani mwaka 2017, kisha tena kuanzia 2020, na nafuu ikaja Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi hizo.

Kwa mnunuzi wa Kenya, shilingi nayo ina neno. GeForce RTX 4060 ilizinduliwa Juni 2023 kwa dola 299, na mrithi wake RTX 5060 akaja Mei 2025 kwa dola 299 vilevile. Kwa dola, bei haikusonga. Lakini Januari 2024, dola ilipofikia karibu Sh160, kiasi hicho kilikuwa Sh47,840. Mwaka 2025, dola ikiwa karibu na Sh129, kilikuwa Sh38,571. Aliyesubiri aliokoa zaidi ya Sh9,000 na akapata kadi mpya zaidi. Hata hivyo, kusubiri hakulipi kila mara. Mwishoni mwa 2025 bei za vijisahani vya kumbukumbu zilipanda kwa kasi kutokana na mahitaji ya vituo vya akili unde, na kadi za grafiki hutegemea vijisahani hivyo.

Kisha kuna Mamlaka ya Ushuru. Kadi ya kompyuta haitozwi ushuru wa forodha, lakini hutozwa ada ya kutangaza bidhaa ya asilimia 2.5, tozo ya maendeleo ya reli ya asilimia 2, na VAT ya asilimia 16. Kadi yenye thamani ya Sh40,000 pamoja na usafiri na bima huongezewa takriban Sh8,200, ikawa Sh48,200, kabla ya faida ya mwenye duka. Tuseme mwenye ukumbi anatoza Sh100 kwa robo saa. Anahitaji wateja 482 ili kurejesha gharama ya kadi peke yake, mbali na miwani, umeme na kodi ya chumba.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kompyuta yenyewe. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu nchini ni zile zilizotumika katika ofisi za ng'ambo, ambazo wauzaji huziita 'ex-UK'. Ni imara, lakini zilijengewa kazi za karani. Nyingi za zile nyembamba za Dell OptiPlex na HP EliteDesk zina pawa saplai ya wati zisizozidi 260. RTX 5060 hutumia wati 145, na Nvidia hupendekeza pawa saplai ya wati 550. Isitoshe, pawa saplai za kompyuta hizo zina umbo na plagi za kipekee, hivyo ile ya kawaida ya dukani haiingii. Fundi mkweli atamwambia mteja abadilishe kompyuta nzima. Fundi wa aina nyingine atamuuzia kadi kwanza.

Zipo kadi zinazonyonya umeme kupitia tundu la ubao mama pekee, ambalo kikomo chake ni wati 75. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024 kwa dola 169, hutumia wati 70. Inatosha kwa mchezo kama Half-Life: Alyx wa mwaka 2020, uliohitaji angalau GTX 1060, mradi kompyuta iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 12 na mnunuzi apate toleo fupi linaloingia katika kasha jembamba. Mwenye kipakatalishi hana hata njia hiyo, kwani kadi yake huwa imechomelewa ndani.

Swali kubwa zaidi ni kama kadi inahitajika kabisa. Quest 3S, iliyotoka Oktoba 2024 kwa dola 299, ina prosesa yake na huendesha michezo kama Beat Saber bila kompyuta. Bei yake ya uzinduzi ililingana na ya RTX 5060, ambayo peke yake haimwonyeshi mteja chochote. Tena ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika mchezo huendelea, ilhali kompyuta huzimika au huning'inia kwa dakika chache kwenye UPS. Kwa ukumbi wa Kinoru unaohudumia vijana kwa zamu za robo saa, miwani hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Mwanafunzi wa usanifu majengo anayetaka kuingia ndani ya nyumba aliyoichora, au anayetengeneza michezo, ndiye mwenye sababu ya kununua kadi, na afadhali aongeze fedha apate RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16, iliyozinduliwa Aprili 2025 kwa dola 429.

Aliyeanza na Quest huweza baadaye kuiunganisha na kompyuta kwa kebo au kwa Wi-Fi ya 5GHz. Kasi ya intaneti haihusiki hapo, maana picha husafiri ndani ya chumba tu. Kinachohitajika ni ruta nzuri iliyounganishwa na kompyuta kwa waya.

Miwani ya mitumba inataka tahadhari. HP Reverb G2 na nyinginezo za mfumo wa Windows Mixed Reality huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini Microsoft iliuondoa mfumo huo katika toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka Oktoba 2024. Kadi za mitumba nazo zijaribiwe kwa mchezo mzito kwa angalau nusu saa mbele ya muuzaji, kwani kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na nauli ya kwenda kurudisha kadi mbovu haimo katika dhamana.