Mishipa Iliyoachwa kwa Hofu

Septemba 16, 1977, mjini Zürich, daktari Mjerumani Andreas Grüntzig alipitisha kijiputo katika mshipa wa moyo wa mgonjwa wa miaka 38 aliyekuwa macho, akakijaza, na palipobana pakapanuka. Kabla ya hapo tegemeo lilikuwa kupasua kifua na kupandikiza mshipa wa mguuni, njia aliyoipa umaarufu Muargentina René Favaloro huko Cleveland kuanzia 1967.

Puto lilipoanza kutumika kwa wenye mshtuko wa moyo, likazua swali. Takriban nusu ya wanaopatwa na mshtuko mkubwa hukutwa na mishipa mingine iliyobana, mbali na ule ulioziba. Daktari akishauzibua huo, aendelee na iliyobaki au aishie hapo?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa aishie hapo. Saa za mshtuko damu huganda upesi, dawa ya kuonyesha mishipa kwenye eksirei huelemea figo, na hitilafu katika mshipa ambao bado unapitisha damu yaweza kuumaliza moyo uliokwisha dhoofu. Mwongozo wa Marekani wa 2013 ulionya kwamba kuigusa mishipa hiyo papo hapo kuna madhara.

Lakini ushahidi mwingi ulitoka kwenye kumbukumbu za hospitali, ambamo ni vigumu kujua kama mgonjwa aliponzwa na tiba au na hali aliyokuja nayo. Mwaka huohuo wa 2013 yakatoka matokeo ya utafiti wa PRAMI nchini Uingereza, uliowagawa wagonjwa 465 kwa bahati nasibu: wazibuliwe mishipa yote au ule ulioziba tu. Ulisitishwa mapema: miongoni mwa waliozibuliwa mishipa yote, 21 walifariki kwa moyo, walipata mshtuko mwingine au maumivu sugu ya kifua, upande wa pili walikuwa 53. Mwaka 2015 Wamarekani wakalegeza onyo. Kisha 2019 utafiti wa COMPLETE, wagonjwa 4,041 katika nchi 31, ukaonyesha kuwa hata kuwarudisha wagonjwa siku nyingine kuzibuliwa mishipa iliyobaki kulipunguza vifo vya moyo na mishtuko mipya, kwa pamoja, kutoka asilimia 10.5 hadi 7.8.

Hata hivyo, kwa wanaofikishwa moyo ukiwa umeshindwa kusukuma damu, utafiti wa CULPRIT-SHOCK wa 2017 ulikuta kinyume: kati ya waliozibuliwa yote mara moja asilimia 51.6 walifariki ndani ya siku 30, dhidi ya 43.3 kwa waliozibuliwa mmoja kwanza. Kwa hao, tahadhari ndiyo tiba.