Binti wa Nani? Jina la Baba na Kuwatafuta Wazee Waliotangulia



Msimu wa harusi ukiingia, kati ya kupima gauni na kuchagua lesi, swali moja halikosi: nikishaolewa nichukue jina la mume au nibaki na la baba? Kwetu visiwani wazee walishajibu. Mwanamke ni binti fulani, na ndoa haimtoi kwenye nasaba yake. Katika Surat Al-Ahzab, aya ya 5, tumeagizwa kuwanasibisha watu na baba zao. Leo lakini twende mbali kidogo, kaskazini ya Ulaya, ambako watu waliitana kama sisi kwa mamia ya miaka, kisha wengi wao wakaacha.

Zamani huko Norwe, Denmark, Uswidi na Iceland, watu wengi wa kawaida hawakuwa na jina la ukoo. Mtu alikuwa na jina lake na la baba yake, basi. Mtoto wa kiume wa Jens aliitwa Hans Jensen, yaani Hans mwana wa Jens. Dada yake aliitwa Karen Jensdatter, Karen binti Jens. Hans naye akipata mwana, mara nyingi wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, kama sisi tunavyopeana usomo. Anakuwa Jens Hansen. Na Karen akiolewa, kwa kawaida vitabu vya kanisa viliendelea kumwandika Jensdatter.

Vitabu hivyo ndiyo hazina yao. Uswidi, sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwataka mapadri waandike waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Iceland walihesabu watu wao wote kwa majina mwaka 1703, nao walikuwa kama 50,000 tu. Denmark wakafanya hivyo mwaka 1787, na Norwe mwaka 1801. Leo nyaraka nyingi za aina hii zimewekwa kwenye intaneti.

Anayetafuta wazee wake huanzia kwa bibi anayemjua, kisha anarudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Akimkuta Karen Jensdatter, ameshajua kuwa baba ni Jens. Lakini kijiji kimoja kinaweza kuwa na kina Jens kumi! Kwa hiyo anatazama tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, na waliosimamia ubatizo, maana mara nyingi walikuwa jamaa. Norwe anatazama pia jina la shamba waliloishi. Hapo inabidi awe makini, kwani familia ikihama, jina la shamba nalo hubadilika.

Kisha serikali zikataka majina yasiyobadilika. Denmark ilianza mwaka 1828, Uswidi ikafuata mwaka 1901, Norwe mwaka 1923. Majina yakaganda, na wake wakaanza kuandikwa kwa majina ya waume. Ndiyo maana leo utamkuta mwanamke anaitwa Nielsen, yaani "mwana wa Niels", na huyo Niels si baba yake wala baba wa mumewe, bali mzee wa zamani kabisa. Mwanamke wa namna hiyo, ukiwa huna cheti chake cha ndoa, kumjua baba yake ni kazi kubwa.

Iceland peke yao wameshikilia ya kale. Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 1980, jina lake linasema wazi: Vigdís binti Finnbogi. Na wapo wanaotumia jina la mama, kama mchezaji mpira Heiðar Helguson, mwana wa Helga.

Dada yangu, sisi tunalo jina la baba na la babu tangu tunazaliwa. Tunachokosa mara nyingi ni maandishi. Bibi akifariki, anaondoka na majina ya watu ambao hakuna mwengine anayewajua. Kabla ya siku ya nikaha, kaa naye na daftari. Andika baba zake mpaka anapokomea, halafu muulize mama yake alikuwa binti nani, na mama wa mama yake je. Upande wa wanawake ndio unaosahaulika kwanza, kwa sababu majina yetu matatu hayambebi mama hata mmoja.

Daftari hilo liweke pamoja na cheti chako cha ndoa. Wanao watalihitaji, inshaallah.