Sister Rosetta Tharpe: gitaa lililotoka madhabahuni

Tarehe 7 Mei 1964 mvua ilinyesha Manchester, Uingereza, juu ya kituo cha treni ambacho abiria walikuwa wamekwisha kukihama. Televisheni ya Granada ilikuwa imekipamba kituo hicho cha Wilbraham Road kifanane na vile vya kusini mwa Marekani: magunia, kuku, hata mbuzi. Vijana wa Kiingereza walikaa upande mmoja wa reli, na upande wa pili ukawa jukwaa. Likaja gari la kukokotwa na farasi, akashuka mwanamke wa miaka 49, koti limemkaa vizuri, miguuni viatu vya visigino, akashikwa mkono asiteleze. Kwa sababu ya mvua ile aliomba wimbo wa kufungulia ubadilishwe, aanze na "Didn't It Rain", wimbo wa gharika ya Nuhu. Akavaa gitaa jeupe la umeme aina ya Gibson. Akaimba, kisha akanyamaza, akaliacha gitaa liseme. Kila ninapoitazama filamu ile, nikifika hapo hujikuta nimesimama.

Jina lake Sister Rosetta Tharpe. Hilo "Sister" halikuwa la utawa. Ni dada wa kanisani, kama walokole wetu wanavyoitana. Naye alikuwa akicharaza gitaa la umeme kwa mtindo ambao dunia ilikuja kuuita roki, miaka mingi kabla vijana waliotajirika kwa muziki huo hawajaingia studio.

Niseme mapema kwamba ninampenda, na sijifichi. Nilipokuwa na miaka 12 nilinyanyua gitaa la kwaya katika kanisa tulilokuwa tukisali. Nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba wasichana huimba na kupiga kayamba, gitaa ni la kaka zetu. Nikaliweka chini. Kwa hiyo siku nilipomwona Rosetta kwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, swali lililonijia halikuhusu muziki. Nilijiuliza: huyu aliruhusiwa na nani?

Aliruhusiwa na mama yake. Katie Bell Nubin alikuwa mwinjilisti, mwimbaji na mpiga mandolini katika Kanisa la Mungu katika Kristo, kanisa la Kipentekoste la Wamarekani Weusi lililoanzishwa na Charles Harrison Mason. Kanisa hilo halikuwapa wanawake uchungaji, lakini liliwaacha wahubiri njiani na kwenye mikutano, wakiwa na ala zao. Na ibada zake zilikuwa na kishindo. Wakati makanisa mengi, ya Weupe na ya Weusi wenye uwezo, yalitaka waumini wakae kimya kama wako mahakamani, huko kwa akina Katie Bell palikuwa na ngoma, matari, magitaa na miguu inayopiga sakafu. Msomaji aliyewahi kuishi jirani na kanisa la kilokole hahitaji kuelezwa zaidi.

Rosetta alizaliwa tarehe 20 Machi 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, Arkansas, na jina la mji huo lina maana ya mmea wa pamba. Inasimuliwa kwamba alishika gitaa akiwa na miaka minne. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mama yake alimwacha mume huko Arkansas, akamchukua binti, wakaenda Chicago pamoja na maelfu ya Weusi waliokuwa wakiyakimbia mashamba ya pamba na ukatili wa kusini. Wakajiunga na kanisa la 40th Street. Mtoto alipandishwa mahali pa juu ili watu wamwone, maana gitaa lilikuwa karibu limzidi kimo. Nje ya mlango wa kanisa, katika mitaa ileile, palikuwa na bluzi iliyoletwa na watu wa Mississippi na jazi iliyoletwa na watu wa New Orleans. Masikio ya mtoto hayana mlango.

Hapa sina budi kueleza alichokuwa akikifanya na nyuzi, kwa sababu waandishi wengi humsifu Rosetta kwa ujasiri wake wakaisahau kazi ya mikono yake. Nilimwonyesha filamu ya Manchester kaka yangu, ambaye amepiga gitaa la solo kanisani zaidi ya miaka 20. Aliitazama mara moja bila neno. Ya pili akasema: "Dada, huyu halitumii gitaa kusindikiza sauti. Anajibizana nalo." Ndivyo ilivyo. Katika ibada ya namna ile mhubiri hutupa neno, waumini hulidaka na kulirudisha. Rosetta akiwa peke yake alikuwa mhubiri kwa sauti na waumini kwa vidole. Akimaliza mstari, gitaa linamwitikia. Akivuta pumzi, gitaa linamalizia alichotaka kusema. Nyuzi zenyewe alizikaza kwa mpango wake, hata zikipigwa bila kubonyezwa zitoe sauti zinazopatana, na vidole vikabaki huru kuzichomoa moja moja. Mwanzoni alitumia gitaa la chuma la National, lenye mlio wa kufika nyuma ya ukumbi. Umeme ulipoingia kwenye magitaa, hakusita.

Mwaka 1934 aliolewa na mhubiri aliyeitwa Thomas Thorpe. Ndoa haikudumu, lakini jina alilichukua likiwa limegeuka herufi moja, likawa Tharpe. Mwaka 1938 alikuwa New York, na mwaka huo mmoja ndio uliomgeuza. Tarehe 31 Oktoba kampuni ya Decca ilimrekodi nyimbo nne, yeye na gitaa lake tu. Mmoja ulikuwa "Rock Me", kazi ya Thomas Dorsey, baba wa nyimbo za injili za Chicago. Katika wimbo wa Dorsey neno "rock" ni la kumwomba Mungu akupakate na kukubembeleza kama mtoto. Rosetta aliliimba kwa namna ambayo msikilizaji wa baa alisikia lake na mcha Mungu akasikia lake. Kipindi hichohicho alipanda jukwaa la Cotton Club pamoja na Cab Calloway, mbele ya wateja Weupe waliokuja kunywa na kucheza. Na tarehe 23 Desemba akasimama Carnegie Hall katika tamasha lililoandaliwa na John Hammond, Albert Ammons akiwa kwenye piano.

Kanisani watu walishtuka. Sisi tunayo maneno yetu ya jambo hilo: muziki wa kidunia, amerudi nyuma, ameuza wokovu. Waliomjua tangu akiwa mtoto wa kupandishwa juu sasa walisikia nyimbo zao za sala zikichezewa dansi kwenye moshi wa sigara. Mwaka 1941 alijiunga na bendi ya Lucky Millinder, akalazimika pia kuimba vibao visivyo na uhusiano wowote na injili, kama "I Want a Tall Skinny Papa", ambamo mwanamke anamtaka mwanamume mrefu, mwembamba. Miaka miwili hivi baadaye aliachana na bendi hiyo. Siwalaumu moja kwa moja waliomnung'unikia. Kilichokuwa chao pekee, katika nchi iliyowanyima karibu kila kitu, walikiona kikiuzwa kwenye kumbi ambazo wao wenyewe wasingekaribishwa kuketi. Lakini naamini walikosea kuhusu Rosetta. Gitaa alilopiga Cotton Club ni lilelile la 40th Street, na hakuwahi kulibadilisha lugha.

Ushahidi wangu ni santuri ya 1944. Wakati wa vita alikuwa miongoni mwa waimbaji wachache wa injili waliorekodi santuri za kupelekewa wanajeshi wa Marekani, na mwaka huo Decca ikamkutanisha na Sammy Price, mpiga piano wa bugi-wugi. Walitoa "Strange Things Happening Every Day". Maneno ni ya kanisani. Piano inakwenda mbio kama ya kilabuni, besi na ngoma zinasukuma, na kabla ya Rosetta kufungua kinywa gitaa la umeme limekwisha kuingia na kusema lake. Mwaka 1945 kibao hicho kilifika nafasi ya pili katika chati ya Billboard ya muziki wa Weusi, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wimbo wa injili. Wapo wanaoiita rekodi ya kwanza ya roki. Ubishi huo hauishi na sitaki kuuingia; ninachojua ni kwamba ilipotengenezwa Elvis Presley alikuwa na miaka tisa.

Waliojifunza kwake hawakumficha. Mwaka 1947, Macon, Georgia, Rosetta alimsikia kijana wa miaka 14 akiimba nyimbo zake nje ya ukumbi ambamo angetumbuiza. Akamwita, akamsimamisha jukwaani, baadaye akampa fedha mkononi. Kijana huyo ndiye dunia ilimjua baadaye kama Little Richard. Johnny Cash, alipopokewa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll mwaka 1992, alimtaja Rosetta miongoni mwa waliomlea kwa muziki wao.

Safari za kazi hiyo zilikuwa ngumu. Kuanzia 1946 aliandamana na Marie Knight, mwimbaji mwenye sauti nzito iliyokaa chini ya sauti yake kama msingi chini ya ukuta, nao wakazunguka nchi, wanawake wawili Weusi, katika enzi ya sheria za ubaguzi. Hoteli za kusini hazikuwapokea, na mikahawa iliyowauzia chakula iliwauzia kwa mlango wa nyuma. Rosetta alinunua basi lenye vitanda ili wapate pa kulala. Usiku huohuo, mjini huohuo, ukumbi ulikuwa umejaa.

Kisha kuna harusi, na harusi hii naipenda bila kuitafutia sababu. Tarehe 3 Julai 1951, katika uwanja wa besiboli wa Griffith mjini Washington, Rosetta aliolewa na Russell Morrison, aliyekuja kuwa meneja wake. Watu zaidi ya 20,000 walikata tiketi. Inasimuliwa kwamba mkataba wa shughuli hiyo ulitiwa saini bwana harusi akiwa bado hajapatikana. Kiapo kikaliwa, Decca wakarekodi, kisha bibi harusi akachukua gitaa la umeme akiwa ndani ya gauni lake akapiga tamasha zima, na fataki zikarushwa angani. Nimeona picha. Shela, shada, na mkanda wa gitaa begani. Ningekuwa na miaka 12 nikaiona picha ile, sijui kama ningeliweka chini lile gitaa la kwaya.

Miaka iliyofuata haikumtendea haki. Wapenzi wa injili walimwelekea zaidi Mahalia Jackson, aliyekataa kuimba nyimbo za dunia. Redio za vijana zikajaa wanaume wenye magitaa. Mwaka 1957 Chris Barber, kiongozi wa bendi ya jazi, alimwalika Uingereza, na Ulaya ikampa ukumbi na heshima alizozikosa kwao. Ndiyo njia iliyomfikisha kwenye mvua ya Manchester. Mwaka 1970 alipata kiharusi. Kisukari kikamnyang'anya mguu mmoja. Akaendelea kupiga. Alifariki Philadelphia tarehe 9 Oktoba 1973, wakati maandalizi ya kurekodi tena yakiendelea.

Alizikwa katika makaburi ya Northwood, na kwa zaidi ya miaka 30 kaburi lake halikuwa na jiwe. Hilo huniuma nikilikumbuka. Mwanamke aliyejaza uwanja wa besiboli alilala mahali ambapo mpita njia asingejua pa kusimama. Mwaka 2007 Gayle Wald alichapisha kitabu cha maisha yake, na Januari 2008 likafanyika tamasha la kuchangia jiwe. Jumba la Heshima la Rock and Roll, lililomwingiza Little Richard na Elvis kwa pamoja mwaka 1986, lilimwingiza Rosetta mwaka 2018, tena katika kundi la walioathiri muziki huo mapema.

Wengi humwita mama wa ubatizo wa roki. Najua wanaomwita hivyo wanamheshimu, lakini jina hilo silitumii. Mama wa ubatizo husimama kando akishuhudia mtoto wa mwenzake akipewa jina. Rosetta alikuwa mpiga gitaa. Mahali pake ni mbele ya jukwaa, amplifaya nyuma yake, miongoni mwa wacharaza magitaa wenzake, apimwe kama wanavyopimwa wao: kwa vidole.

Kaka yangu aliirudia ile solo ya Manchester Jumamosi nzima. Alilegeza nyuzi mbili, akakaza moja, akakosea, akarudia, hadi watoto wakatuomba tupumzike. Jumapili, pambio la tatu lilipokolea, nilimwona ananitafuta kwa macho kutoka jukwaani. Akaipachika pale, kati ya ubeti na kiitikio. Mama mmoja wa safu ya mbele aligeuka kuangalia gitaa, akavua viatu, akaingia katikati.